Muhuri wa Bucha Hauioni Sindano

Farasi wa mbio akiteuliwa kupimwa, hapumziki kabla sampuli yake haijapatikana. Huongozwa mpaka kwenye banda la faragha, mtunzaji wake akampigia mluzi taratibu hadi akojoe. Mkojo ule hugawanywa katika chupa mbili na kutiwa lakiri, moja ya kupimwa na nyingine ya akiba, mwenye farasi asije akadai ameonewa. Mkojo ukikosekana hutolewa damu. Na wapimaji wakitaka habari za miezi iliyopita huchukua singa za shingoni, kwa kuwa dawa huacha alama katika unywele kadiri unavyokua. Mwezi wa Aprili 2013, huko Newmarket, Uingereza, wakaguzi waliingia katika mazizi ya Godolphin, mali ya Sheikh Mohammed wa Dubai, wakapima farasi 45. Kumi na mmoja walikutwa na steroidi za kujaza misuli. Mkufunzi wao, Mahmood Al Zarooni, alifungiwa miaka 8, na utajiri wa bwana wake haukumsaidia kitu.

Nimeanza na farasi kwa makusudi. Uwanja wa Mbio wa Ngong uko karibu na Kibera, na wengi wetu tumelipita lango lake ndani ya matatu bila hata kugeuza shingo. Sina ugomvi na farasi wala na wanaowawekea dau. Ninalouliza, enyi wakazi wa Laini Saba na Kawangware, ni hili: ikiwa mnyama ambaye hakuna atakayemla anachunguzwa hadi singa, yule ng'ombe ambaye nyama yake inatokota jioni hii kando ya reli amechunguzwa na nani?

Mtaniambia nyama ina muhuri. Kweli ina muhuri, na mkaguzi anayeugonga ana kazi ya maana. Huitazama mizoga kwa macho yake na kuipasua kwa kisu chake, akitafuta tegu katika misuli, minyoo ndani ya ini, vivimbe vya kifua kikuu mapafuni. Ametuepusha na maradhi mengi, apewe heshima yake. Lakini hakuna jicho linaloiona dawa. Ng'ombe aliyechomwa sindano juzi na ng'ombe ambaye hajachomwa tangu azaliwe, wakishaning'inizwa kwenye ndoano, ni sawasawa, na muhuri wao ni mmoja.

Msidhani nasema kwa kubahatisha. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha matokeo ya sampuli 250 za nyama ya ng'ombe walizozichukua katika machinjio matano yanayoilisha Nairobi. Sampuli 114 zilikuwa na mabaki ya tetrasaiklini, dawa ileile inayouzwa kila duka la agroveti. Watoto waliozaliwa mwaka ule leo wanawapeleka watoto wao kliniki, nasi bado tunanunua nyama kwa kuangalia rangi yake na kumwamini muuzaji.

Tuelewane jinsi dawa inavyofika sufuriani, maana wengi wanadhani ni njama ya watu waovu. Mfugaji anamwona ng'ombe wake amezubaa, hali majani. Anashuku ndigana. Daktari wa mifugo ni ghali na yuko mbali, duka la agroveti liko karibu, na kijana wa dukani haulizi cheti. Sindano inapigwa. Siku ya tatu ng'ombe bado amelala. Sasa mfugaji anapiga hesabu ambayo mimi na wewe pia tungeipiga: akifia zizini ni hasara tupu, akiuzwa leo angalau patapatikana karo. Anamwita mchuuzi wa ng'ombe, na kesho yake mnyama yuko kichinjioni. Karatasi iliyokuja na chupa ile ilieleza siku ambazo nyama isiliwe, na kwa baadhi ya sindano zinazokaa mwilini muda mrefu siku hizo hufika 28. Karatasi ilitupwa pamoja na boksi.

Wala dawa haikai sawa mwili mzima. Hujikusanya pale sindano ilipochomwa, na hupitia ini na figo ikitafuta njia ya kutoka. Tazameni viwango vya kimataifa vya tetrasaiklini: mikrogramu 200 kwa kila kilo ya nyama ya kawaida, 600 kwa ini, 1200 kwa figo. Waliovipanga walijua kwamba figo ndiyo hubeba mzigo mkubwa, wakahesabu pia kwamba mtu hula figo kidogo tu. Hesabu hiyo naipinga kwa ajili ya watu wetu. Mtu wa Lavington hula figo kwa nadra, akipenda. Huku kwetu, ambako kilo ya steki ni habari za sikukuu, yako majiko yanayopikiwa viungo vya ndani na mabaki ya bucha wiki nzima. Asiye na uwezo wa kuchagua kipande ndiye anayeangukiwa na kipande chenye dawa.

Madhara yake? Yuko ambaye mwili wake haupatani na penisilini, na kiasi kidogo tu chatosha kumvimbisha uso. Hilo ni la wachache. La wengi ni kwamba vijidudu vinavyoonjeshwa dawa kidogo kidogo huizoea, hata siku mtoto anapougua kweli, dawa ya kwanza hospitalini haifanyi kazi, ya pili haifanyi kazi, na ya tatu haiko kwenye rafu. Serikali yenyewe inalijua hili. Mwaka 2017 ilitoa mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Mpango ni mzuri. Haujafika buchani.

Na wako walio na hali mbaya kutuzidi, ambao tunapaswa kujifunza kwao. Mwaka 2023 maofisa wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda waliieleza kamati ya Bunge lao kwamba tangu 2014 walikuwa wakijua kuwa nguruwe na kuku wanalishwa dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Hebu fikirini: ofisi inajua, mlaji hajui, miaka inapita.

Hapa niwaonye wale wanaopenda kutisha watu. Kila mara nasikia kwamba kuku wa gredi hudungwa homoni, ndiyo maana huiva kwa wiki sita. Si kweli. Kasi ile inatokana na uzazi uliochaguliwa kizazi baada ya kizazi, na chakula kilichopimwa. Hakuna mfugaji mwenye kuku elfu moja atakayekuwa na muda wa kumshika kila mmoja na kumdunga. Kuku wale wana shida yao, na shida hiyo ni antibiotiki zinazomiminwa katika maji yao ya kunywa. Tukimlaumu mwizi asiye mwizi, mwizi mwenyewe anaondoka na mali.

Wako wanaojifariji: nitachemsha sana. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi dawa yote. Tetrasaiklini hupungua kwa moto bila kwisha, na penisilini iliyo katika maziwa hustahimili jiko lako.

Na kwa habari ya maziwa, kina mama wanaogandisha lala hapa Kawangware wana elimu ambayo hawajasifiwa. Wanaijua siku maziwa yanapokataa. Chachu ni ileile, chombo ni safi, kumekucha na maziwa bado ni majimaji. Kipimo cha maabara kiitwacho Delvotest kinatumia kanuni hiyohiyo: bakteria wasio na madhara huwekwa pamoja na rangi ya zambarau, wakatiwa maziwa na kupashwa joto la nyuzi 64 kwa muda wa saa tatu hivi. Bakteria wakistawi, rangi hugeuka manjano. Ikibaki zambarau, kuna kitu kimewazuia. Tahadhari tu: maziwa yaliyotiwa kemikali ya kuzuia kuchacha nayo hukataa kuganda, kwa hiyo dalili hii haitoshi kumhukumu mtu. Inatosha kumfanya mama arudi kwa mchuuzi na kumuuliza ng'ombe gani anatibiwa wiki hii, na akikosa jibu la maana ahamie kwingine.

Mfugaji na mchuuzi wa ng'ombe nawaambia mchuma janga hula na wa kwao. Nyama mnayoiharakisha kwenye machinjio ya Dagoretti haina anwani. Huenda shemeji yako wa Kawangware ndiye atakayeinunua.

Watasema upimaji utapandisha bei. Hakuna anayetaka kila ng'ombe apimwe, kama vile si kila farasi anayepimwa. Hushikwa wachache bila kutangaza, na hofu ya kushikwa ndiyo inayowanyoosha wengine. Maabara ya mifugo ya serikali iko Kabete. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo kiko Uthiru, jirani kabisa na Kawangware. Wataalamu tunao mlangoni, na kichinjio kinatoza ada kwa kila mnyama. Sehemu ya ada hiyo inunue vipimo.

Tangu Katiba ya 2010, machinjio na huduma za mifugo ni kazi ya kaunti, na bajeti ya kaunti haipitishwi bila wananchi kuitwa watoe maoni. Huitwa, nasi hatuendi, au tunakwenda kusubiri soda. Mwaka huu nendeni, enyi watu wa Laini Saba. Mkifika msianze na hotuba. Mwakilishi wenu wa wadi akiwa amekaa mbele, mwombeni maofisa wajibu mambo mawili kwa maandishi: mwaka uliopita ni sampuli ngapi za nyama ya Dagoretti zilizopimwa mabaki ya dawa, na majibu yake yamebandikwa wapi?