BWANA SHAMBA ANAZUNGUMZA: Kwa Nini Shoka la Msuka Halipo Dukani?

Ndugu msomaji, lichukue shoka lako ulitazame kabla hujaendelea kusoma. Je, mpini umeingia ndani ya chuma, au chuma kimeingia ndani ya mpini?

Kama mpini umeingia katika tundu la chuma, hilo ni shoka la namna ya kiwandani. Kama chuma kimepenya kichwa cha mpini, hilo ni shoka la namna ya wazee wetu. Sehemu ile nyembamba inayopenya mpini huitwa msuka. Wengine huiita mkia.

Vijana wengi husema shoka la msuka limeachwa kwa sababu lilikuwa baya. Si kweli. Kila ukipiga gogo, msuka husukumwa ndani zaidi ya mpini. Kwa hiyo shoka linajikaza lenyewe kazini. Tena kama msuka una pande nne sawa, unaweza kuuchomoa, ukaugeuza na kuuingiza tena ili makali yalale. Hapo umepata tezo la kuchongea mizinga na vinu. Chuma kimoja, zana mbili.

Basi kwa nini viwanda havilitengenezi?

Sababu kubwa ni chuma chenyewe. Zamani chuma kilikuwa ghali sana. Huko Ufipa wahunzi walijenga matanuri ya udongo marefu kupita kimo cha mtu. Waliyajaza mkaa na mawe yenye chuma. Kisha chuma kilichopatikana walikisafisha tena katika tanuri dogo. Kazi hiyo ilitaka watu wengi na miti mingi. Mpaka leo mavi ya chuma yanaonekana mahali yalipokuwa matanuri. Hata Unyamwezi jembe la chuma lilitolewa mahari, na pia lilitumika kama fedha katika biashara.

Sasa fikiri. Chuma ni ghali, miti imejaa porini. Fundi mwenye akili atatumia chuma kidogo na mti mwingi. Ndivyo wazee walivyofanya. Chuma kilikuwa kwenye makali na msuka tu. Uzito uliobaki ulitoka kwenye kichwa kinene cha mpini.

Wakati wa ukoloni zana za chuma kutoka Ulaya zilijaa madukani kwa bei ndogo. Matanuri yakazimika moja baada ya jingine. Mwaka 1976 wazee wa Buhaya waliwaonyesha wataalamu jinsi chuma kilivyoyeyushwa zamani. Ilibidi wakumbuke kazi waliyoifanya ujanani, maana ilikwisha kuachwa kwa miaka mingi.

Chuma kilipokuwa rahisi, hesabu iligeuka. Mashine hukandamiza kipande cha chuma chekundu na kukitoboa tundu. Mashoka hutoka yakiwa sawasawa. Mnunuzi akifika nyumbani hutafuta mti ulionyooka, akauchonga, basi. Lakini msuka wa mhunzi huvutwa kwa nyundo kidogo kidogo. Chuma kikipoa, hurudishwa motoni. Na mpini wake lazima uwe na kichwa kinene kama rungu, kilichotoka kwenye shina au kwenye fundo la mti. Mpini wa namna hiyo hauwezi kufungwa katika sanduku na kupelekwa dukani. Kwa maoni yangu, mpini ndio uliolishinda soko.

Tuseme kweli pia juu ya ubaya wake. Msuka ni kama kabari. Ukikaza mno, unapasua mpini. Ndiyo maana wengine hufunga kichwa cha mpini kwa ngozi mbichi au pete ya chuma. Tena kwa kupasua magogo makubwa, shoka la tundu ni bora, kwa sababu ni zito na kisogo chake hutumika kama nyundo. Lakini usilipige likiwa limelegea! Mpini ukikauka husinyaa, na shoka linaweza kuchomoka na kumwua mtu. Ligongee kabari kwanza.

Kwa kukata matawi, kuchonga nguzo na kutengeneza mizinga, mimi nachagua la msuka.

Siku hizi wanunuzi wa vyuma chakavu hupita vijijini na mizani. Shoka la msuka ni jepesi, kwa hiyo utapata pesa kidogo mno. Ukiliuza, utamwambia nani akutengenezee jingine? Katika vijiji vingi mhunzi ni mzee na hana mwanafunzi.

Kama mhunzi yupo karibu, mpelekee kipande cha springi ya lori. Chuma hicho ni kigumu na hushika makali. Lakini tengeneza mpini kwanza. Chagua mti mgumu usiopasuka upesi, kama mkole. Ukaushe kivulini, si juani. Toboa kichwa chake kwa nondo iliyopata moto, tundu liwe jembamba kuliko msuka. Ingiza msuka, geuza makali juu, kisha gonga kisogo cha kichwa cha mpini juu ya gogo mpaka chuma kikae. Waondoe watoto, halafu jaribu kwanza kwenye mti laini. Baada ya siku ya kwanza ya kazi, tazama kichwa cha mpini. Ukiona ufa, ufunge kwa ngozi mbichi siku hiyo hiyo, ngozi ikauke ikiwa imekaza.