Leza, Roboti na Mkono wa Mchongaji wa Tabaka

Yeyote atembeaye siku hizi katika mitaa ya Kisii na Nyamira hatakosa kuyaona malango ya chuma yaliyotiwa nakshi za maua, majani na hata wanyama. Nakshi hizo hazikukatwa kwa patasi wala kwa msumeno wa fundi wa jua kali. Zimekatwa na mashine iongozwayo na kompyuta, aghalabu mbali na hapa, na fundi wetu amebakiwa na kazi ya kulichomelea bamba lililokwisha kukatwa kwenye fremu yake. Jambo hili laonekana dogo. Kwa maoni yangu si dogo hata kidogo, na walimu pamoja na wanafunzi wa sehemu hizi wanapaswa kulitafakari.

Kwa kuwa mimi ni mwanaisimu, niruhusiwe kuanza na maneno. Neno ‘leza’ liliundwa kwa herufi za mwanzo za maneno kadhaa ya Kiingereza, jinsi sisi tulivyouunda UKIMWI kwa silabi za maneno yetu wenyewe. (Msomaji aliyepata kuishi na Watonga wa Zambia huenda akatabasamu, maana kwao Leza ni jina la Mungu.) ‘Roboti’ nalo lina historia nzito zaidi. Lilitumiwa na mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, katika tamthilia yake ya mwaka 1920, na asili yake ni neno robota. Kamusi zetu zina kisawe chake kamili, nacho ni shokoa: kazi ya kulazimishwa isiyo na ujira. Basi tangu kuzaliwa kwake roboti ni mtumwa asiyedai mshahara, na si ajabu kwamba mwenye kudai mshahara humtazama kwa jicho la wasiwasi.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960. Mwaka uliofuata roboti ya kwanza ya viwandani, Unimate, ilianza kazi katika kiwanda cha General Motors, New Jersey. Mnamo 1967 wahandisi wa Uingereza waligundua kwamba mwale wa leza ukisaidiwa na mkondo wa gesi ya oksijeni waweza kulikata bamba la chuma. Mwale hukusanywa na lenzi hadi ukawa mwembamba kuliko milimita moja. Chuma huyeyuka papo hapo, na gesi huupeperusha uyeyusho. Leo, katika viwanda vikubwa vya Asia, Ulaya na Marekani, mkono wa roboti huleta bamba, huligeuza na kuliondoa, na kazi huendelea usiku kucha pasipo mtu.

Je, mashine ya namna hiyo itamng’oa mchongaji wa Tabaka? Wengi hudhani hivyo, na hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia kufikiri. Kukata si kuchonga. Akataye hufuata mstari uliokwisha kuchorwa. Achongaye huondoa kidogo kidogo huku akishauriana na kitu chenyewe. Jiwe la Tabaka, kule Mugirango Kusini, ni laini kwa kuwa lina ulanga mwingi, madini ambayo ndiyo laini kabisa katika kipimo cha ugumu. Hata hivyo jiwe hilo huvumilia moto mno, nayo leza hufanya kazi kwa moto. Huweza kuandika juu ya uso wa jiwe, lakini kuligeuza gogo la jiwe kuwa kiboko au mama aliyempakata mwanawe si kazi yake. Mshindani wa kweli wa mchongaji ni mashine ya kekee inayoongozwa na kompyuta, ambayo hutoa sanamu mia zilizo sawa sawa.

Tukumbuke pia mgawanyo wa kazi pale Tabaka. Aghalabu wanaume huchimba na kuchonga. Wanawake hulowesha, hupiga msasa, hupaka rangi na kuchora nakshi za juu. Kwa hiyo leza ikifika leo, wa kwanza kunyang’anywa tonge hatakuwa mchongaji mwenye jina. Atakuwa mama anayechora nakshi kwenye sahani kwa ncha ya chuma. Ni nadra kumsikia akitajwa katika mijadala yetu ya teknolojia.

Tusijidanganye kwamba mambo haya ni ya mbali. Mnamo Mei 2023 mashine za kuchuma majani ya chai zilichomwa moto katika mashamba makubwa ya Kericho na watu waliodai kwamba zimewapokonya kazi. Katika mashamba hayo wamefanya kazi watu wengi kutoka Kisii na Nyamira. Naielewa hasira ile, ila sioni kwamba kiberiti kimewahi kuizuia mashine mahali popote. Waingereza walizivunja mashine zao za kufuma tangu mwaka 1811, na viwanda havikufungwa.

Kinachonikera mimi ni jambo jingine. Lile bamba la lango halina thamani kubwa kama chuma. Thamani yake imo katika mchoro, na mchoro huo mara nyingi umetoka ng’ambo. Elkana Ong’esa, mzaliwa wa Tabaka, alichonga Ndege wa Amani ambaye yuko katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Eneo lililotoa ubunifu wa kiwango hicho linanunua picha za maua ya watu wengine! Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985 ukiwa na ahadi ya kazi za mikono, kisha masomo hayo yakapunguzwa na karakana nyingi zikageuzwa maghala. Sasa mtaala mpya umefika sekondari ya juu, ambamo sanaa na sayansi zimewekwa katika mikondo tofauti. Mwanafunzi ambaye angeweza kuchora kama Ong’esa na kuiandikia mashine programu atalazimika kuchagua.

Kuna hatua mbili ambazo hazihitaji kusubiri Nairobi. Kwanza, Sheria ya Alama za Biashara, Sura 506, huruhusu jina la mahali lisajiliwe kama alama ya pamoja. Wachongaji wakijiunga waweza kulilinda jina la jiwe lao dhidi ya sanamu za kiwandani. Pili, vyuo vya ufundi vya kaunti hizi mbili viwaite wachongaji na wale akina mama wa nakshi wakae meza moja na wanafunzi wa kompyuta, ili michoro yao iingie katika mashine ikiwa na majina ya wenyewe, na malipo yakatwe kwa kila bamba litakalouzwa.