Msimlaumu Palou, Shida ni Mwenye Mpira

Wasee, msimu mpya wa IndyCar unaanza Machi na bado kuna watu wanalia kuhusu ule wa 2025. Ati Álex Palou ameua mbio. Ati hakuna haja ya kukesha juu mshindi anajulikana. Ati heri turudi zetu Formula 1.

Zii. Mnalaumu mtu asiye na hatia, na yule mnafaa kumuuliza maswali mmemwacha anapita tu.

Kwa wageni, nitaeleza haraka. IndyCar ni mbio za Marekani za magari ya kiti kimoja, magurudumu yako nje. Ukiangalia kwa mbali utadhani ni Formula 1. Tofauti ni kwamba huku bodi ni moja kwa timu zote, inatengenezwa na Dallara ya Italia. Injini ni Honda ama Chevrolet. Tairi zote ni Firestone. Msimu wa 2025 ulikuwa na mbio 17: zingine kwa barabara za mjini kama Long Beach na Detroit, zingine kwa viwanja vya kona nyingi kama Road America, na zingine kwa zile duara ambazo dereva anakata kushoto tu mpaka bendera ya mwisho. Pale Indianapolis, wakipanga nafasi za kuanzia, gari linapita kilomita 370 kwa saa. Ukuta uko hapo kando. Hakuna mchezo.

Wazo lenyewe ndilo lilinivuta: wape watu kifaa kinachokaribiana, halafu tuone nani anajua kazi. Mimi niliacha chuo bila karatasi, kwa hivyo unaelewa kwa nini napenda mahali ambapo swali la kwanza si umetoka wapi, ni unaweza nini.

Sasa turudi kwa Palou. Huyu Mhispania alishinda mbio 8 kati ya 17. Kati ya 6 za kwanza alichukua 5. Tarehe 25 Mei alishinda Indy 500, na kabla ya siku hiyo hakuwa ameshinda duara hata moja maishani. Zikiwa zimebaki raundi 14 alimpita Marcus Ericsson, akamfungia njia mpaka mwisho, akawa Mhispania wa kwanza kushinda pale. Taji lenyewe alilifunga Portland mwezi wa Agosti, mbio mbili kabla ya msimu kuisha. Ni la 4, na ni la 3 mfululizo. Pato O'Ward, wa pili, aliachwa karibu pointi 200.

Mnasema ni gari. Sawa. Scott Dixon yuko timu hiyo hiyo, Chip Ganassi Racing, bodi hiyo hiyo, Honda hiyo hiyo. Dixon si mtoto, ana mataji 6. Mwaka huo alishinda mbio moja tu, Mid-Ohio, tena baada ya Palou kuteleza nje ya njia zikiwa zimebaki raundi chache. Kwa hivyo niambie, gari lilimpendelea Palou halafu likamnunia Dixon?

Mtu akiwa bora kuliko wenzake, hiyo si shida ya mbio. Hiyo ndiyo mbio. Sisi ni watu wa Kenya, tumekaa mbele ya TV tukimwangalia Kipchoge akiwaacha watu kwa marathoni miaka na miaka, na hakuna mtu alisema ati marathoni imeharibika. Tulipiga makofi.

Kilichoharibu mbio ni kingine, na kiko wazi sana.

Roger Penske ana timu ya IndyCar. Tangu Januari 2020, ligi ya IndyCar ni yake. Uwanja wa Indianapolis, ule wa Indy 500, ni wake. Doug Boles, ambaye ni rais wa IndyCar na pia rais wa uwanja huo, ameajiriwa na kampuni ya Penske. Magari ya Penske yanatumia injini za Chevrolet zinazotengenezwa na Ilmor, kampuni ambayo Penske alisaidia kuianzisha kwa pesa zake miaka ya 1980. Na Julai 2025, Fox, runinga inayoonyesha mbio zote 17 kule Marekani, ilinunua thuluthi moja ya kampuni hiyo ya Penske inayomiliki ligi na uwanja. Kwa hivyo hata yule anafaa kuuliza maswali hewani sasa ni mshirika wa biashara.

Mnakumbuka mpira wa mtaani? Sisi tulikuwa tunacheza na ule wa karatasi za juala. Halafu anakuja mtoto mmoja na mpira wa duka. Huyo hata kama hajui kucheza, ndiye kapteni. Yeye ndiye anasema kama ni goli ama si goli. Akiamua ni penalti, ni penalti. Mkibishana sana, anachukua mpira wake anaenda nao kwao. Hakuna mtu alitufundisha maneno "mgongano wa maslahi", lakini kila mtoto pale uwanjani alijua hiyo mechi si mechi. Hii haitaki digrii.

Na msiniambie ni wivu ama ni nadharia. Haya mambo yametokea, tena mara mbili kwa miaka miwili.

Machi 2024, mbio za kwanza za msimu, St. Petersburg kule Florida. Josef Newgarden wa Penske anashinda. Kwa magari haya kuna kitufe kinachoongeza nguvu ya injini kwa muda, na kanuni inakataza kukitumia wakati mbio zinaanza ama zinaanzishwa upya. Mfumo unafaa kukizima. Mwezi uliofuata, asubuhi ya mbio za Long Beach, mitambo ikaleta shida na kitufe kikagoma kwa kila mtu. Kila mtu isipokuwa magari ya Penske. Yao yalikuwa bado yanapata nguvu, juu programu yao ilikuwa na njia ya kupita kando ya kizuizi.

Newgarden akanyang'anywa ushindi, Scott McLaughlin akafutiwa nafasi ya 3, Will Power akakatwa pointi 10. O'Ward akatangazwa mshindi siku 45 baada ya mbio. Hebu fikiria hiyo. Hakuna jukwaa, hakuna kombe kuinuliwa mbele ya watu, ni taarifa tu kutoka ofisini. Na mkuu wa timu, Tim Cindric, nani alimsimamisha asifike Indy 500 ya mwaka huo? Si ligi. Ni Penske mwenyewe, kama bosi wake.

Halafu angalia venye hiyo Indy 500 ya 2024 iliisha. Raundi ya mwisho, O'Ward yuko mbele, Newgarden anampita kona ya tatu na kuchukua ushindi. Jamaa yule yule dhidi ya jamaa yule yule.

Mei 2025, Indianapolis tena, siku ya kupanga nafasi za mbele. Wakaguzi wanaangalia nyuma ya magari ya Newgarden na Power, kwenye kile kipande cha kupunguza makali ya mgongano. Kipande hicho kinatoka kwa mtengenezaji, haufai kukigusa. Mishono yake imezibwa ikalainishwa. Jumapili hiyo uamuzi ulikuwa mpole: hamtashindania nafasi ya kwanza, lakini mtaanza 11 na 12. Wamiliki wa timu zingine wakapiga kelele. Jumatatu uamuzi ukabadilika: mwisho wa foleni, 32 na 33, na faini ya dola 100,000 kwa kila gari. Siku mbili baadaye Penske akawafuta kazi watu watatu wakubwa, Cindric akiwemo. Halafu watu wakaanza kuangalia picha za gari lililoshinda 2024, lile lilikuwa limewekwa makumbusho ya uwanja huo huo. Sehemu ile ile ilionekana imezibwa vile vile.

Hapo ndipo swali linauma. Uamuzi ulibadilika kutoka Jumapili hadi Jumatatu kwa sababu kanuni ilisema hivyo, ama kwa sababu ya kelele? Simjui mtu yeyote pale na sisemi waamuzi ni wezi. Nasema hata kama walikuwa safi kama maji ya mvua, hawakuwa na njia ya kutuonyesha usafi wao. Walikuwa wakimpa adhabu mtu ambaye kampuni yake inawalipa mshahara. Wakiwa wakali, wanaambiwa wanataka kuonekana. Wakiwa wapole, wanaambiwa wamenunuliwa. Huo ni mtego, na aliyeutega ni aliyekubali kukaa viti vyote.

Nawasikia wanaomtetea. Hoja yao ya kwanza ni kwamba Penske aliokoa IndyCar. Nakubali. Alinunua miezi michache kabla ya korona, 2020 Indy 500 ikakimbiwa Agosti bila shabiki hata mmoja kwa viti, na bado ligi haikuanguka. Alipoinunua pia aliacha kukaa piti akiendesha mikakati ya timu. Mzee Penske apewe heshima yake kwa hayo. Lakini ukiniokoa kutoka mtoni, hiyo haikupi ruhusa ya kuwa hakimu kwa kesi yako na mimi.

Wanasema pia aliwafuta watu wake, je, unataka nini tena? Nataka kusiwe na haja ya yeye kuwafuta ndipo tuamini. Haki isitegemee roho ya mwenye mali. Leo ana roho safi. Kesho atakuja mrithi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: ligi imetangaza kwamba kuanzia 2026 waamuzi watakuwa chini ya bodi huru. Hiyo ni hatua nzuri, na mjue ilikuja kwa sababu watu walikataa kunyamaza. Lakini refa huru si ligi huru. Uwanja bado ni wa Penske. Vibali 25 vinavyozihakikishia timu nafasi kwa mbio zote isipokuwa Indy 500 vilitolewa na kampuni yake, na timu yake inavyo vitatu, ambavyo ndivyo vingi zaidi timu moja inaweza kuwa navyo. Umempa mtoto mwingine filimbi, sawa. Mpira bado ni wa nani?

Na hatubahatishi mwisho wake, historia iko. Kabla ya Penske, uwanja wa Indianapolis ulikuwa wa familia ya Hulman-George. Mwaka 1996 Tony George aliudhika na ligi ya wakati huo, CART, akaanzisha yake. Akasema kati ya nafasi 33 za Indy 500, 25 zitahifadhiwa timu za ligi yake. Wale wa CART wakaenda kukimbia mbio zao Michigan siku hiyo hiyo. Ni yale ya mtaani kabisa: mwenye mpira aliuchukua akaenda nao kwao. Ligi mbili ziligawana madereva, pesa na mashabiki miaka 12, mpaka zikaungana 2008. NASCAR ilikula vinono hiyo miaka yote. Indianapolis ina viti zaidi ya 250,000, na bado mtu mmoja aliweza kuwagawanya wote waliokalia.

Mtaniuliza, wewe uko Kenya, hizi siasa zinakuhusu nini? Kwani Safari Rally haitoshi? Inatosha, na naipenda. Lakini mimi nafuata msimu wote, si hailaiti peke yake. Indy 500 kwetu huanza saa mbili hivi usiku, hiyo ni rahisi. Long Beach inaanza ikielekea saa sita za usiku, na Jumatatu kuna kazi. Natumia bando zangu, natengeneza video za kueleza mbio kwa Kiswahili, na kuna vijana wameniamini wakaanza kuangalia. Wakiniuliza "kwani huyo Penske si ndiye mwenye ligi?" sina jibu la kuwapa linaloisha vizuri. Shabiki hana hisa pale. Kitu pekee anacholeta ni imani kwamba anachokiona ni cha kweli. Ukiichezea hiyo, umemwibia kila kitu alichokuja nacho.

Na kumbukeni madereva. Power alishinda Portland 2025. Newgarden alifunga msimu kwa ushindi Nashville. Hakuna mtu amesema mbio hizo zilikuwa na walakini, na mimi sisemi. Lakini niliona watu wakicheka: "wamekagua hiyo gari?" Dereva anahatarisha maisha kando ya ukuta, anashinda kwa jasho lake, na zawadi yake ni kejeli. Huyo naye ameibiwa, na bosi wake ndiye anaweza kuimaliza hiyo kejeli.

Dawa ni rahisi kusema na ghali kufanya: auze timu ama auze ligi. Akitaka kushindana, aje kama Ganassi na wengine, alipe kiingilio, akaguliwe, apigiwe filimbi. Akitaka kusimamia, asimamie, na gari lake libaki makumbusho.

Machi tukianza St. Petersburg, Palou akishinda tena nitapiga makofi usiku huo na siombi msamaha kwa mtu. Gari la Penske likishinda, kuna mtu atauliza lile swali, na atakuwa na haki ya kuliuliza. Mzee, una viti viwili. Chagua kimoja ukalie.