Faili Inasafiri, Sisi Hatusafiri

Ndugu zangu vijana wa Kakuma na Kalobeyei, na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, leo nataka tuongee kuhusu kitu ambacho wengi wanakiona kidogo: vile tunatayarisha mabango yetu kabla hayajaenda kuchapishwa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kuna wakati niliombwa kutengeneza bango la karatasi, saizi ya A3, la kuwaambia watu wapige namba gani kama mwanamke au mtoto anapigwa nyumbani. Nililifanya kwa simu, usiku, maana niliambiwa kesho asubuhi lazima litumwe. Namba nikaiweka chini kabisa, kubwa, kutoka ukingo mpaka ukingo. Kwa skrini ilipendeza sana. Nikatuma kwa WhatsApp kama picha, ikaenda mjini kuprintiwa.

Mabango yaliporudi, logo zote zilikuwa salama. Namba ya simu ndiyo ilikatwa tarakimu ya mwisho. Na yalikuwa yameshabandikwa kwenye blok kadhaa kabla mtu yeyote hajagundua. Mama mmoja jirani yetu ndiye aliniambia: "Mwanangu, hiyo namba yenu nimepiga mara tatu, haiendi." Sikumuuliza alikuwa anaipigia nini. Nilichukua kalamu nzito ya wino, mimi na wenzangu wawili, tukazunguka bango kwa bango tukiandika tarakimu moja.

Wengine watasema printa angerekebisha. Atarekebishaje? Yeye hajui namba yetu ina tarakimu ngapi. Hasomi Kidinka wala Kisomali. Anachapisha alicholetewa. Na sisi hatuwezi kuamka tu tukapanda basi kwenda kusimama kando ya mashine yake, kwa sababu kutoka kambini lazima uwe na kibali. Faili inasafiri, sisi hatusafiri. Kwa hiyo faili lazima iende imebeba kila kitu ambacho tungesema kwa mdomo.

Haya ndiyo niliyojifunza baadaye, na si magumu.

Kwanza, ukingo. Karatasi hukatwa nyingi kwa pamoja na kisu kinaweza kusogea kidogo. A3 ni milimita 297 kwa 420, lakini rangi ya nyuma iache ipite milimita 3 kila upande, iwe 303 kwa 426. Hiyo ziada watu wa printi wanaiita blidi. Maandishi nayo yarudishe ndani, angalau milimita 5 kutoka pale kisu kitapita. Namba ya simu irudi ndani zaidi.

Pili, picha. Kwa karatasi ya kusomwa karibu tunahitaji nukta 300 kwa kila inchi. Kwa A3 hiyo ni karibu pikseli 3508 kwa 4961. Ukituma kwa WhatsApp kama picha, inabanwa na kupoteza ubora. Tengeneza PDF ya kuchapisha, kisha itume kama hati.

Tatu, rangi. Simu inatumia mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine nyingi zinatumia wino wa aina nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Ile kijani inayowaka kwa skrini itatoka imefifia. Usitegemee mng'ao wa simu ili maneno yasomeke. Weka maandishi meusi kwenye nyeupe, mambo yaishe.

Nne, herufi. Kidinka kina ɛ, ɔ na ŋ. Kama fonti haijafungwa ndani ya PDF, kwa kompyuta ya printa herufi hizo zinaweza kugeuka visanduku vitupu. Kiarabu nacho kinaweza kutoka herufi zimeachana. Mzee atasimama mbele ya lugha yake mwenyewe ashindwe kuisoma.

Sasa nawageukia nyinyi wa mashirika, kwa heshima. Mafunzo ya kompyuta niliyohudhuria yalitufundisha kutengeneza logo na kadi, tukapewa vyeti. Hakuna siku tulifundishwa kupeleka kazi kwa printa. Na kazi ikija, inakuja jioni, inatakiwa asubuhi, na majibu mnayorudisha ni "ongeza logo yetu kidogo". Sisemi logo ni mbaya. Nasema hakuna aliyeipiga ile namba kabla haijachapishwa, na mimi nikiwa wa kwanza.

Ombi langu ni moja. Kabla ya kuprinti nakala zote, printa atoe nakala moja tu, aikate kabisa, aipige picha na kuirudisha huku. Tuisome sisi pamoja na mtu wa kila lugha iliyo juu ya hilo bango, na namba tuipige hapo hapo. Inaweza kuchelewesha kazi siku moja. Sisi tulichelewa zaidi tukizunguka na kalamu.

Na wewe kijana mwenzangu, usiseme "mimi ni volontia tu". Ukishaweka namba juu ya karatasi, kuna mtu ataipiga usiku akiwa na hofu. Hakikisha imefika yote.