MWAKA WA KAZI YA TAIFA: SERIKALI IJITAYARISHE KWANZA



Maneno haya yanarudi kila mara vita inapowaka kule mashariki, na kila mara wakubwa wanapoona vijana wamejaa njiani bila kazi. Wanasema: kila kijana wa Kongo, mwanamume na mwanamke, alazimishwe kulitumikia taifa mwaka mzima. Wengine wanataka akae kambini na bunduki, wengine wanataka akae shambani na jembe, na wengine wanataka vyote viwili. Wazee wakisikia hivi wanapiga makofi. "Vizuri sana! Watafundishwa adabu."

Sisi makarani wa mgodi hatukupiga makofi. Wala hatukupiga kelele za kukataa. Tuna desturi moja ambayo mapadri walitufundisha masomoni na kazi ikaikaza: kabla ya kutia sahihi, soma karatasi yote, hata yale maandiko madogo ya chini. Nayo karatasi hii hatujaonyeshwa. Tumesikia tu sauti ya msomaji, naye anasoma mstari mmoja tu, ule wenye neno "lazima".

Wanatuuliza: ninyi wazazi na kaka wakubwa, mmewatayarisha vijana wenu kwa mwaka ule? Ni swali zuri, na mbele tutalijibu. Lakini aliyealika watu karamuni ndiye wa kwanza kuulizwa kama chungu kiko motoni.

Tuanze na tusi. Wanasema vijana wetu ni wavivu. Wavivu gani hao? Wale tunaowaona kila asubuhi kando ya njia ya Kolwezi na Likasi wanatoka shimoni na magunia ya mawe mgongoni, wameingia na tochi kichwani, bila mti wa kushikilia udongo juu yao? Wale wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya makala kutoka porini mpaka mjini Lubumbashi? Mtu aliyekaa ofisini penye baridi ya mashine asiwaite hao wavivu. Wanakosa kazi yenye mshahara na sheria. Kufanya kazi wanajua tangu wakiwa watoto, na hiyo yenyewe ni aibu yetu.

Sasa tuje kwenye kazi ya karani, maana hapo ndipo tunajua kusema. Kazi yote inaanza na orodha. Huwezi kulipa watu, huwezi kuwapa posho, huwezi kuwapa hata koleo, kama hujui ni wangapi na ni nani. Basi tunauliza serikali: vijana wa Kongo ni wangapi? Mara ya mwisho raia wa nchi hii walihesabiwa wote ilikuwa mwaka 1984. Sisi tunaoandika haya, wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa! Tumezaliwa, tumesoma, tumeoa, tumezaa, na hakuna aliyepita mlangoni na buku kutuhesabu. Wanachotuandikia kila miaka michache ni kadi ya kura, na hiyo ndiyo tunayoonyesha kila mahali kama kitambulisho.

Kila wiki wanakuja langoni kwetu vijana wanaotafuta kazi. Tunawaomba karatasi ya kuzaliwa, hawana. Sheria inasema mtoto aandikishwe bure katika siku 90. Lakini mama aliyezaa mbali na mji anafikaje kwa karani wa serikali, na akifika anaambiwa nini juu ya hiyo "bure"? Wasomaji wanajua. Kwa hiyo kijana anataja miaka 19, na jirani yake anasema ana 16. Nani atajua ukweli siku ya kuitwa kambini? Mtoto wa miaka 15 mwenye mwili mkubwa atachukuliwa, na kijana wa miaka 20 mwenye mjomba mkubwa ataonekana kuwa mgonjwa.

Msituambie kwamba tunazua. Mambo haya nchi hii imekwisha kuyaona. Wakati wa Wabeleji, mashefu walipoamriwa kutoa watu wa kuingia katika Force Publique, shefu wengi hawakutoa watoto wa nyumba zao. Walitoa watumwa, walitoa mayatima, walitoa yule kijana aliyekuwa na mdomo. Orodha ilijaa, Bula Matari akaridhika, na mtoto wa shefu akabaki nyumbani anakunywa pombe ya baba yake.

Na kazi ya lazima ya shamba tunaijua vilevile. Sheria ya mwaka 1933 iliwawekea watu wa vijiji siku 60 kila mwaka za kazi ya lazima, na sehemu kubwa yake ilikuwa mashamba waliyoagizwa, pamba na mengine. Vita ya Ulaya ilipozidi, mwaka 1942, zikawa 120. Aliyekataa alilipa faini au alitiwa kifungoni. Je, mnajua waliipa jina gani? Waliiita kazi ya kufundisha! Eti mtu mweusi anafundishwa kulima, yeye ambaye babu yake alilima kabla meli ya kwanza haijaonekana mtoni. Pamba ilikwenda kwa kampani kwa bei iliyopangwa na wengine, na mwanafunzi akabaki na mkono uliopasuka. Kwa sababu hii, tukisikia leo mkubwa anasema "kambi itawafundisha vijana", masikio yetu yanasimama. Tunataka kujua mavuno yatauzwa na nani, na franka zitaingia mfuko gani.

Uhuru ulikuja mwaka 1960, lakini tabia ile haikupanda ndege pamoja na wenyewe. Kumbukeni Lovanium. Tarehe 4 mwezi wa 6 mwaka 1969 askari waliwapiga risasi wanafunzi katika Kinshasa. Mwaka 1971, wenzao walipotaka kuwakumbuka wale wafu, Mobutu alifunga chuo na kuwaingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu. Angalieni vizuri kilichofanyika pale. Heshima ya kulitumikia taifa iligeuzwa kuwa fimbo ya kupiga watu waliosema. Tangu siku ile, mzazi wa Kongo akisikia "kijana wako ameitwa na taifa", moyo wake unauliza kwanza: amekosa nini?

Hata leo jambo hili halijaisha. Service National iliundwa mwaka 1997, Mzee Kabila alipochukua nchi. Huko Kaniama Kasese, katika Haut-Lomami, wanalima mahindi, na hatutasema kwamba mahindi ni mabaya. Sisi watu wa Katanga tunajua bei ya bukari inavyopanda kila mara Zambia inapofunga mpaka. Vijana wanafundishwa pale ujenzi na useremala vilevile. Lakini tangu mwaka 2020 ni nani waliopelekwa huko kwa wingi? Ni wale vijana wa Kinshasa wanaoitwa Kuluna, waliokamatwa njiani. Kama mtu amepiga raia kwa panga, kuna mahakama, ahukumiwe kwa jina lake. Kama mahakama haikumhukumu, amepelekwa kwa karatasi gani? Wakitoka wamebadilika, tutafurahi pamoja na mama zao. Ila tunawauliza wenye kutunga sheria: mtawezaje kumwambia mtoto wa kweli wa masomo, aliyepata diploma yake ya Serikali, kwamba mwaka wa taifa ni heshima, nanyi mmekwisha kulifanya jina lile kuwa jina la adhabu?

Wasiotaka kusikia hadithi za zamani, basi wasome sheria. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 63, inaruhusu kuwekwa kazi ya lazima ya jeshi, kwa namna itakayopangwa na sheria. Hapo tunakubali, nchi inapovamiwa, mwana wa nchi hakai akinywa chai. Lakini Katiba ile ile, kifungu cha 16, inakataza mtu yeyote kulazimishwa kazi ya nguvu. Vifungu viwili hivi havigombani, kama vikisomwa na mtu mwenye haki. Kulinda nchi ni kitu kimoja, kulima shamba la serikali bila mshahara ni kitu kingine. Mapatano ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1930 yanasema waziwazi kwamba kazi anayolazimishwa kijana wa jeshi iwe kazi ya jeshi tupu. Na yale ya mwaka 1957 yanakataza kutumia watu kwa lazima kwa ajili ya kukuza uchumi wa nchi. Kongo imekubali yote mawili. Kwa hiyo anayetaka vijana walime, wachimbe barabara na wajenge madaraja, na awaite kwa mapenzi yao na kwa mshahara. Tunasema kwa hakika: watakuja wengi kuliko nafasi! Tangazeni leo kwamba mnataka vijana wa kutengeneza njia ya kwenda Kasenga kwa malipo ya haki, na kesho mlango wa komini utavunjika kwa wingi wa watu.

Tutazame na jirani zetu, maana si kila kitu tuchukue kwa Wabeleji. Tanzania ilianzisha Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963. Mwaka 1966 waliweka sheria ya kuwalazimisha wasomi nao waingie, na sehemu ya muda ule walipe kwa kukatwa mshahara. Wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana mwezi wa 10. Nyerere akakasirika na kuwafukuza karibu 400. Hatusifu kufukuzwa kule. Lakini kuna jambo alilolifanya wakati ule ule ambalo hatujaliona hapa kwetu: alikata mshahara wake mwenyewe, na wa mawaziri wake, sehemu 20 katika 100. Waliiacha kazi ile mwaka 1994, na walipoirudisha mwaka 2013, wabunge vijana kadhaa waliingia kambini, wakavaa nguo zile zile na kukimbia asubuhi pamoja na watoto wa masomo. Wabunge wetu wasome habari hii mara mbili.

Sasa tulijibu lile swali la kujitayarisha, maana tuliahidi, na hatutaki mtu aseme kwamba makarani wanajua kulaumu tu.

Nasi tuna makosa. Wangapi kati yetu wamemficha mdogo wao asishike jembe, kwa sababu "amesoma"? Tulitoka kwa mapadri na shati jeupe, tukaanza kuona mtu mwenye udongo mikononi kuwa mtu wa chini. Kijana aliyelelewa hivi akienda kambini atalia siku ya pili, na kosa litakuwa letu. Ajue kufua nguo yake, kupika bukari yake, kuamka kabla ya jua na kuishi na mtu asiyesema lugha ya mama yake. Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Sisi wa Katanga tumeona, mwaka 1992 na 1993, jirani akimfukuza jirani Mkasai kutoka nyumba aliyojenga kwa mikono yake, na watu wakilala siku nyingi kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni. Kama kuna faida moja ya mwaka wa taifa inayotuvuta, ni hiyo: mtoto wa Bukama alale kitanda kimoja juu ya kingine na mtoto wa Mwene-Ditu, mmoja augue na mwenzake amchotee maji. Kwa hiyo tu tungekubali mengi.

Lakini tusikubali bila hati. Muda uandikwe, siku ya kuingia na siku ya kutoka, maana katika nchi hii tunajua mambo "ya muda" yanayokaa miaka 30. Mshahara uandikwe, na ulipwe mkononi mwa kijana mwenyewe. Mganga awepo kambini kabla ya kijana wa kwanza kufika. Msichana awe na nyumba yake yenye mlango unaofungwa kwa ndani, na msimamizi mwanamke. Bila hili, hakuna baba mwenye akili atakayemtoa binti yake, nasi tutamsaidia kukataa. Farao aliwaambia Waisraeli wafinyange matofali na hakuwapa majani, na tunajua kazi ile iliishaje.

Kwa upande wetu tumeanza. Jumamosi, saa za kazi zikiisha, wachache kati yetu tunakaa na wazazi wa mtaa wetu na kuwasaidia kuandika karatasi za watoto wasioandikishwa, ili wazipeleke komini. Hatuchukui hata franka moja. Mwandiko wetu si mzuri wote, lakini majina yapo, na mwaka wa kuzaliwa upo. Ndugu wa vijiji na miji mingine, fanyeni vilevile, msingoje sheria.

Siku orodha itakapobandikwa mlangoni pa komini, tutakuja na miwani yetu. Tutaisoma kutoka jina la kwanza hadi la mwisho, na tutayatafuta majina ya nyumba kubwa kubwa, zile zenye ukuta mrefu na mlinzi. Tunayajua yameandikwaje.