Kwa nini Disney ilizuia vigari vikubwa vya watoto, na nani aliyelipia

Huenda una ndugu Marekani aliyewahi kukutumia picha kwenye simu akiwa Disneyland au Walt Disney World. Kuna kasri lenye minara, mtu aliyevaa kichwa cha panya, na nyuma yao watu wamejaa kama siku ya mnada. Itazame vizuri picha hiyo, utaona pia vigari vya watoto vya kusukuma vimetapakaa kila upande.

Vigari hivyo vimezua ubishi ambao kwa mbali unaonekana wa kitoto. Tangu tarehe 1 Mei 2019, viwanja vya Disney nchini Marekani haviruhusu kigari cha mtoto chenye upana unaozidi inchi 31, yaani sentimita 79 hivi, au urefu unaozidi inchi 52, sawa na sentimita 132. Vitoroli vya watoto, vile vya mfano wa mkokoteni mdogo wenye magurudumu manne na kuta za turubai, havipiti getini kabisa, viwe vya kuvuta au vya kusukuma. Kuna wazazi walioshangilia. Wengine waliona wamefungiwa mlango.

Kwa maoni yetu pande zote mbili zina hoja, lakini mzigo haukugawanywa sawa. Njia inapojaa watu, ni lazima mtu apunguze nafasi yake. Hapa aliyeambiwa apunguze ni mzazi, wakati umati wenyewe uliletwa na mwenye kiwanja.

Nusu shibiri

Kabla ya hapo, upana wa mwisho uliokubaliwa ulikuwa inchi 36. Kilichokatwa basi ni inchi 5, kama nusu shibiri. Ni kidogo mno ukikitazama kigari kimoja nyumbani, lakini viwanja hivi si uani kwa mtu.

Magic Kingdom, kiwanja kikubwa zaidi kwa wageni kati ya vile vya Florida, kilikadiriwa kupokea karibu watu milioni 21 mwaka 2019. Gawanya kwa siku za mwaka, unapata wastani wa watu zaidi ya 57,000 kila siku, na siku za sikukuu huzidi hapo. Disneyland ya California, iliyofunguliwa mwaka 1955, ilipokea zaidi ya milioni 18, na njia zake nyingi zilichorwa wakati ambapo hakuna aliyefikiria kigari cha kubeba watoto wawili kwa ubavu.

Mhandisi Mmarekani John Fruin, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu watembea kwa miguu, alimpimia mtu aliyesimama umbo la yai lenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 45 hivi. Sasa chukua kigari cha kipimo cha zamani, sentimita 91 kwa 132. Kinakula zaidi ya mita moja ya mraba, na bado hujamhesabu anayekisukuma. Watu wanne wangesimama hapo.

Tena hiyo ni hesabu ya kusimama tu. Aliyewahi kukutana na mkokoteni katikati ya gulio anaijua shida iliyobaki. Mtu hupinda bega akapita, lakini mkokoteni haujui kupinda bega. Ukisimama, wote walio nyuma husimama. Kitoroli cha kuvuta kina taabu yake zaidi, kwa sababu yule anayevuta akishapita, watu hudhani njia imefunguka, wanaingia kati yake na kitoroli, na wanajikwaa. Katika msongamano unaona kichwa cha jirani yako. Chombo kilicho chini ya kiuno chake hukioni mpaka kikugonge kifundo cha mguu.

Saa mbaya kuliko zote ni usiku, fataki zikiisha. Maelfu ya watu wanageuka kwa pamoja kuelekea getini, kupitia barabara moja iitwayo Main Street. Watoto wamelala, wazazi wamechoka, na kila mmoja anatamani kuwahi basi. Hapo ndipo nusu shibiri zinapojumlishwa.

Kuna na suala la kuegesha. Kwenye bembea kubwa huingii na kigari, unakiacha nje sehemu maalum, na wafanyakazi huvisogeza na kuvipanga upya kila wakati ili vingine vipate nafasi. Ukitoka hukikuti ulipokiacha. Kitoroli kirefu hakipangiki kirahisi kati ya vigari vingine, na tunadhani hili lilichangia uamuzi kuliko watu wanavyofikiri.

Hoja za wazazi

Mzazi mwenye watoto wanne ana swali ambalo si rahisi kulijibu. Kitoroli kimoja kinawabeba wote wanne. Akikatazwa, atakuja na vigari viwili vya watoto wawili wawili, vinavyosukumwa na watu wawili. Je, njia imepata nafasi au imepoteza? Isitoshe, baadhi ya vitoroli ni vyembamba kuliko inchi 31 zilizoruhusiwa. Vilizuiwa kwa aina yake, wala si kwa kipimo.

Kuna wanaouliza mtoto wa miaka sita anasukumwa kwa nini, ana miguu. Hata kwetu swali hilo lingeulizwa, na mama mwenye mtoto mchanga angemfunga mgongoni kwa kanga akapita popote. Lakini si ajabu familia kutembea kilomita 10 kwa siku moja ndani ya viwanja hivi, juu ya lami, kwenye jua la Florida. Kanga haibebi mtoto wa miaka sita kilomita 10.

Wanaotugusa zaidi ni wazazi wa watoto wenye ulemavu, wakiwemo wenye usonji. Kwa mtoto anayeumizwa na kelele na mwanga, kitoroli chenye paa na kuta kilikuwa chumba chake, mahali pa kujificha dakika kumi kabla hajalia. Kanuni zinaruhusu kigari kitumike kama kiti cha magurudumu, mzazi akiomba kibandiko maalum kwenye ofisi ya kuhudumia wageni. Huo ni utaratibu mzuri. Ila kwa mzazi aliyekuwa amelipa mamia ya dola kununua kitoroli kwa ajili ya safari hiyo, kibandiko hakirudishi fedha. Na tangazo lilitolewa mwishoni mwa Machi, mwezi mmoja tu na siku chache kabla ya kanuni kuanza, wakati familia nyingi hupanga na kulipia safari ya namna hii miezi mingi mbele.

Asiye na kigari kinachokubalika anaweza kukodi humo humo ndani. Mwaka 2019 kule Florida bei ilikuwa dola 15 kwa siku kwa kigari cha mtoto mmoja, na dola 31 kwa cha watoto wawili. Siku tano ni dola 155, juu ya tiketi. Hatusemi kanuni iliwekwa ili kuuza huduma hiyo. Tunasema tu kwamba aliyeweka kanuni ndiye pia mwenye vigari vya kukodisha.

Umati ulitoka wapi?

Tarehe zenyewe zinaeleza mengi. Kanuni ilianza 1 Mei 2019. Tarehe 31 Mei, Disneyland ilifungua Galaxy's Edge, eneo jipya la sinema za Star Wars lenye ekari 14, na Agosti eneo kama hilo likafunguliwa Florida. Disney ilikuwa inajiandaa kwa mafuriko ya watu. Kule California ilipanua njia, ikapunguza vizingiti vya maua na kupanga upya maegesho ya vigari. Wakati huo huo tiketi ya siku moja ya Disneyland kwa msimu wa juu ilikuwa imepandishwa Januari hadi dola 149.

Kwa wiki tatu za mwanzo, mtu hakuingia Galaxy's Edge bila kuwa na nafasi aliyoiweka mapema. Mafuriko hayakuja. Disney yenyewe iliwaambia wawekezaji wake kwamba kati ya Aprili na Juni mahudhurio katika viwanja vyake vya Marekani yalishuka kwa asilimia 3, ingawa waliofika walitumia fedha zaidi kwa kila mmoja. Kwa hiyo kampuni iliweza kupunguza watu, na haikufilisika.

Ushahidi mwingine ulikuja na korona. Viwanja vya Marekani vilifungwa Machi 2020. Vilipofunguliwa, Florida Julai mwaka huo na California Aprili 2021, kila mgeni alitakiwa kuhifadhi nafasi yake mapema, na idadi iliwekewa kikomo. Njia zikapumua, na vigari vilikuwa vile vile. Mwanzoni mwa 2024 Florida iliondoa sharti hilo kwa tiketi nyingi.

Hii ndiyo sababu hatuwezi kuisifu kanuni ya 2019 bila kusita. Kikomo cha vigari ni cha haki, na kama tungekuwa tunasukumana kwenye barabara ile usiku tungekitaka. Lakini mita za njia zinaliwa na vitu viwili, vyombo na watu. Kuzuia vyombo kunamgharimu mzazi. Kuzuia watu kunaigharimu kampuni, kwa sababu kila asiyeingia ni tiketi isiyouzwa. Cha kwanza kimebaki kuwa kanuni ya kudumu. Cha pili kimekuwa kikitumika na kulegezwa kadiri mwenye kiwanja anavyoona.

Kama ndugu yako anapanga kwenda, mwambie akipime kigari kabla ya kuondoka nyumbani. Apime sehemu iliyo pana kuliko zote, ambayo mara nyingi ni magurudumu ya nyuma na wala si kiti. Akiamua kukodi, ajue jambo moja zaidi: kigari cha kukodi hakitoki nje ya kiwanja. Usiku, baada ya fataki, kinarudishwa getini, na mtoto aliyelala anabebwa begani kutoka hapo mpaka kwenye basi.