KONA YA FAMILIA: Saa za huku na saa za kule

 

Leo tuzungumze juu ya umbali, kwa sababu jirani yetu mmoja hapa Kakuma alilia bure. Ilikuwa mwezi wa kwanza. Mwanawe alikuwa amefika New York, akatuma ujumbe: "Mama, kesho nitakupigia saa 8." Mama akachaji simu, akakaa nayo tangu saa 8 mchana. Saa 9 ikapita, kimya. Akaizima ili chaji isiishe, akasema basi, mtoto amenisahau. Kumbe mtoto alipiga, akakuta simu imezimwa, naye akalia kule akidhani mama amepatwa na jambo.

Hakuna aliyemsahau mwenzake. Tuhesabu pamoja.

Kutoka Kakuma hadi Nairobi kwa ndege ni kama kilomita 600. Kutoka Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,800, karibu mara 20. Ndege ya moja kwa moja, iliyoanza Oktoba 2018, huchukua kama saa 15 kwenda na kama saa 14 kurudi. Njia ni ile ile, ila juu sana kuna upepo mkali unaovuma kuelekea mashariki. Wakati wa kurudi upepo huo unaisukuma ndege.

Wengi wa ndugu zetu waliosafiri walibadilisha ndege njiani, wakangoja saa nyingi, halafu wakapanda nyingine hadi mji wao. Kwa hiyo simu ikinyamaza siku mbili, msianze kuomboleza. Mtu yuko njiani.

Sasa saa. Jua linatuangazia sisi kwanza, New York baadaye. Kuanzia Novemba hadi Machi wako nyuma yetu saa 8. Miezi mingine ni saa 7, maana wao husogeza saa zao mbele. Ndege ikiondoka Nairobi saa 5 usiku mwezi wa kwanza, ikitua baada ya saa 15 kwetu ni saa 8 mchana, lakini kule ndiyo kwanza saa 12 asubuhi. Macho yanaona asubuhi, mwili unadai chakula cha mchana.

Tena kuna mtego. Kule wanasoma saa kama ilivyoandikwa kwenye simu. "Saa 8" ya yule kijana ilikuwa 8:00 asubuhi, yaani saa 2 yetu. Ongeza saa 8 za tofauti: kwa mama ilikuwa saa 10 jioni!

Basi mkiagana na msafiri, msiseme tu "saa 8". Semeni: "saa 10 jioni, saa za Kakuma." Andikeni ukutani, hata kwa makaa.

Yule mama na mwanawe walipatana kesho yake. Tulimsikia akicheka mpaka bloku ya pili.

Tuonane mwezi ujao. Amani iwe nyumbani kwenu.